MASHINE YA KUNI NA KARATASI ZAKE

Somo la redio kwa vikundi vya elimu ya watu wazima, Handeni na Korogwe. Maneno haya yamepigwa chapa kama yalivyosomwa na Afisa Elimu, ili kikundi kiweze kuyasoma tena na kuyajadili.



Leo nataka tuzungumze juu ya mashine za kukata na kupasua kuni. Tutatazama mambo mawili. La kwanza ni namna ya kumfundisha mtu kuendesha mashine hizo bila kuumia. La pili ni karatasi zinazotakiwa kuwapo kabla ya injini kuwashwa. Najua neno "karatasi" huwachosha wengi. Wengine mtasema, "Huyu ametoka ofisini, na mambo anayotuletea ni ya ofisini." Naomba mnivumilie. Mwisho wa somo mtaona ya kuwa karatasi na kidole cha mtu vina undugu wa karibu sana.

KAZI YENYEWE

Handeni na Korogwe ni nchi ya kuni. Upande wa Handeni, kuanzia Kabuku na Mkata barabarani mpaka Chanika na kuendelea ndani, pana mapori makubwa ya miyombo. Upande wa Korogwe pana mashamba ya mkonge bondeni, na milimani, huko Vugiri na Bungu, pana mikaratusi iliyopandwa kwa mikono ya watu. Viwanda vya chai vya milimani, kama vile Ambangulu na Dindira, vimekausha chai kwa moto wa kuni. Matanuri ya matofali hula kuni. Kuni hizi hazihesabiwi kwa mitumba ya kichwani, bali kwa matrela.

Mwaka 2024 Serikali ilitoa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, na shabaha yake ni kwamba ifikapo mwaka 2034 Watanzania 80 katika kila 100 wawe wanapika kwa nishati safi. Hilo ni jambo jema, na kuni za jikoni zitapungua. Lakini leo kuni bado zinakatwa, na mahali pengi shoka limeachwa, imeletwa mashine.

Sasa yafaa tuelewe tofauti ya shoka na mashine. Shoka hutumia nguvu za mkono wako. Ukichoka, nalo limechoka. Ukisita, nalo limesita. Mashine haichoki pamoja nawe wala haisiti. Haijui kama kilichoingia ni gogo au ni mkono. Basi mtu aliyekata kuni kwa shoka miaka 20 asidhani ya kuwa tayari anajua kazi ya mashine. Anajua miti, na hilo litamsaidia, lakini mashine ni mwanafunzi wake mpya na yeye ni mwanafunzi wa mashine.

MASHINE TATU NA HATARI ZAKE

Mashine ya kwanza ni msumeno wa duara, ule unaozungushwa kwa mkanda kutoka kwenye injini ya dizeli au kwenye trekta. Wengi wenu mnaijua mashine ya kusaga unga. Mkanda wake ni kama huo huo. Chukua msumeno wenye upana wa sentimita 70 unaozunguka mara 1,400 kwa dakika. Ukipiga hesabu utaona ya kuwa meno yake hukimbia zaidi ya mita 50 kwa sekunde moja. Basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukimbia mita 22 tu kwa sekunde. Maana yake meno ya msumeno yanakwenda zaidi ya mara mbili ya mwendo wa basi hilo. Hakuna mtu anayeweza kuuondoa mkono wake kwa haraka ya namna hiyo. Anayesema, "Mimi nina macho mepesi," hajapiga hesabu.

Tena msumeno huu una tabia mbili mbaya. Ya kwanza, gogo likiubana, huweza kulirusha gogo hilo nyuma kwa mtu aliyesimama mbele yake. Ndiyo sababu watengenezaji waliweka kifuniko juu ya meno, na kipande cha chuma nyuma ya msumeno ili mti uliokwisha kupasuliwa usirudi kubana. Ya pili, ukizima injini, msumeno haukomi papo hapo. Huendelea kuzunguka kimya kimya, na ule ukimya ndio unaodanganya. Mtu huinama kuokota kipande, akidhani kazi imekwisha.

Na ile shafti ya nyuma ya trekta inayozungusha mashine, nayo ni jambo la kuangalia sana. Katika matrekta mengi shafti hiyo huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kwa sekunde. Shafti yenye unene wa sentimita 8, ikizunguka mara moja, huvuta sentimita 25 za nguo. Zidisha kwa 9: ni zaidi ya mita 2 kwa sekunde moja. Kanga nzima ina urefu wa mita moja na nusu hivi. Kwa hiyo kanga huisha yote kabla mwenyewe hajamaliza kupiga ukelele, na baada ya kanga hufuata mwili. Shafti isiyo na kifuniko isizungushwe hata kwa dakika moja. Mama aliyeleta chai ya wafanyakazi asipitishwe karibu nayo, wala mtu ye yote asiiruke kwa mguu ili kufupisha njia.

Mashine ya pili ni ile ya kupasulia magogo kwa nguvu ya mafuta, ambayo mafundi huiita mashine ya haidroli. Hii huenda polepole, na kwa sababu hiyo watu huidharau. Lakini nguvu yake ni ya tani kadha wa kadha. Ajali yake kubwa hutokea wakati watu wawili wanapofanya kazi pamoja: mmoja anaweka gogo, mwenziwe anavuta mkono wa mashine. Wa pili anadhani wa kwanza amekwisha kutoa mkono. Wa kwanza anadhani wa pili bado anangoja. Kanuni hapa ni moja tu: anayeweka gogo ndiye anayeendesha mashine. Mashine nyingi za siku hizi zimetengenezwa zisisogee mpaka mikono yote miwili iwe imeshika vishikio. Ukiona mtu amefunga kishikio kimoja kwa mpira au kwa waya ili afanye kazi upesi, jua ya kuwa ameondoa kinga aliyonunua kwa fedha zake mwenyewe.

Jambo jingine juu ya mashine hii: mpira wa mafuta ukitoboka tundu dogo kama la sindano, usitafute tundu hilo kwa kidole. Mafuta hutoka kwa nguvu ya kupenya ngozi. Kidonda huonekana kidogo sana, na maumivu ya kwanza huweza kuwa kidogo, lakini mtu huyo anatakiwa afikishwe hospitali siku ile ile. Tafuta tundu kwa kipande cha boksi, baada ya kuvaa miwani.

Mashine ya tatu ni msumeno wa mnyororo. Huu mnaujua sana. Hatari yake kubwa iko kwenye ncha ya juu ya upanga wake. Ncha hiyo ikigusa mti, msumeno huruka nyuma na juu, kuelekea uso na shingo ya aliyeushika. Kwa hiyo usikate kwa ncha, usikate juu ya mabega, na usiutumie msumeno ambao breki yake ya mnyororo imeharibika. Usiongeze petroli injini ikiwa ya moto, wala karibu na mtu anayevuta sigara. Na masikio yako uyahurumie. Sauti ya decibeli 85 kwa saa 8 kila siku hutosha kuharibu masikio polepole. Msumeno wa mnyororo huzidi decibeli 100. Uziwi wa namna hii hauumi na haurudi nyuma. Mtu huugundua nyumbani, wakati mkewe anaposema jambo mara tatu.

"AJALI HAINA KINGA"

Tunao msemo usemao ya kuwa ajali haina kinga. Msemo huu hutumiwa kumliwaza aliyepatwa, na kwa kazi hiyo ni msemo mzuri. Lakini wengine huutumia kabla ya ajali, kama ruhusa ya kutofanya lo lote. Huko ni kuutumia vibaya. Msumeno una kinga; imefungwa kwa bolti nne, na kuifunga huchukua muda mfupi. Shafti ina kinga. Macho yana kinga. Mara nyingi kinga hizo zimetupwa chini ya mti, zimeota kutu, kwa sababu mtu alisema zinachelewesha kazi.

Wazee wa Korogwe watakumbuka korona, ile mashine ya kuchakatia mkonge. Walioingiza majani kwenye korona walijifunza mapema mahali pa kuweka mikono na mahali pasipofaa, kwa kuwa waliona kwa macho yao mashine inavyolifanya jani. Maarifa hayo ya mashamba ya mkonge yasipotee. Mzee aliyefanya kazi ya korona, hata kama hajui kusoma, anao ujuzi wa kuwafundisha vijana wa mashine za kuni. Mwiteni kwenye kikundi.

NAMNA YA KUMFUNDISHA MTU

Kumwambia mtu "Angalia, mashine hii ni hatari" hakumfundishi. Mafundisho ya mashine yana hatua nne, na hatua hizo hazirukwi.

Hatua ya kwanza: mweleze mashine ikiwa imezimwa. Mwonyeshe kila sehemu, uitaje jina kwa neno analolijua. Aweke mkono wake mwenyewe juu ya swichi ya kuzimia, na arudie mpaka aifikie akiwa amefumba macho. Anayejifunza kuwasha kabla ya kujifunza kuzima amefundishwa kinyume.

Hatua ya pili: ifanye kazi mbele yake, polepole, ukisema kila unalofanya na sababu yake. Sababu ndiyo inayokaa kichwani. Ukisema "Usivae glavu pana karibu na msumeno wa duara," atasahau. Ukisema "kwa sababu jino likishika uzi wa glavu huvuta na mkono," hatasahau.

Hatua ya tatu: naye afanye mbele yako, akieleza kwa maneno yake. Akinyamaza, msimamishe umwulize. Anayefanya bila kuweza kueleza ameiga tu, hajajua.

Hatua ya nne: mwache afanye kazi, lakini rudi kumtazama, siku ile ile, kesho yake, na baada ya wiki moja. Mtu huanza kufupisha mambo anapoanza kuizoea mashine. Wiki ya kwanza ana hofu, na hofu humlinda. Hofu ikimtoka kabla desturi njema haijaingia, hapo ndipo pana hatari.

Kwa wale wanaotaka kujifunza zaidi, pana Chuo cha Viwanda vya Misitu kule Moshi, ambacho hufundisha kazi ya kupasua mbao na kutunza misumeno. Pana Chuo cha Misitu Olmotonyi karibu na Arusha. Na pana VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. VETA pia ina utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunzia kazini, bila kupita chuoni, na akifaulu humpa cheti. Fundi wa Mombo au wa Mkata aliyefanya kazi miaka 15 bila karatasi yo yote yafaa aulize habari za utaratibu huo.

SASA KARATASI

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wakisema juu ya biashara, lakini mkono nao ni mali, na kwa kibarua ni mali kubwa kuliko zote.

Zamani, katika mashamba ya mkonge, kila kibarua alikuwa na kipande, karatasi yenye nafasi za siku 30 za kazi. Alikitunza kipande kile kwa sababu bila hicho hakupata mshahara. Hata asiyejua kusoma alijua kuhesabu siku zilizotiwa alama. Nataka mzitazame karatasi ninazozitaja leo kwa jicho lile lile. Zitunzwe kama kipande.

Karatasi ya kwanza ni cheti cha kuandikishwa mahali pa kazi. Zamani nchi yetu ilifuata Sheria ya Viwanda ya mwaka 1950. Sheria hiyo ilifutwa, na mahali pake pana Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003. Inasimamiwa na wakala wa Serikali uitwao OSHA, ulioanzishwa mwaka 2001. Mwenye kiwanda au mahali pa kazi hutakiwa kupaandikisha kwa wakala huo. Mkaguzi wake anaweza kuja, kutazama mashine, na akiona ni ya hatari anaweza kuisimamisha. Wengine husema, "Mimi ni mtu mdogo, nina mashine moja tu chini ya mwembe." Msumeno wa duara chini ya mwembe una meno yale yale.

Karatasi ya pili ni kitabu cha mashine kilichotoka kwa mtengenezaji. Mara nyingi kitabu hiki hakiji kwa Kiswahili, na ndiyo maana hufungiwa sandukuni. Kitoeni. Mtafuteni mwalimu wa shule au kijana aliyesoma, awafasirie kurasa za usalama, ziandikwe kwa Kiswahili chepesi kwenye ubao na kutundikwa karibu na mashine. Kazi hiyo ni kazi halisi ya kikundi cha elimu ya watu wazima.

Karatasi ya tatu ni ukaguzi wa kila asubuhi. Haina haja ya kuwa ndefu. Kinga zipo? Mkanda haujachanika? Bolti zimekazwa? Meno ya msumeno hayana ufa? Swichi ya kuzimia inafanya kazi? Mahali pa kusimama ni pakavu, hapana vipande vya kujikwaa? Mtu atie alama, aandike tarehe, atie sahihi. Usipoziba ufa utajenga ukuta; na ufa wa msumeno hauwezi kuzibwa, hutupwa.

Karatasi ya nne ni daftari la mafunzo: nani alifundishwa, mashine ipi, siku gani, na nani. Hapa nataka niseme jambo waziwazi. Mahali pamoja nilipopita nilionyeshwa daftari la namna hii, safi kabisa. Lilikuwa na majina 12, na sahihi 12, zote kwa kalamu moja na mwandiko mmoja. Daftari la namna hiyo ni baya kuliko kutokuwa na daftari, kwa sababu siku ya ajali litasema, "Huyu alifundishwa, kosa ni lake." Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, usitie sahihi wala dole gumba kwenye karatasi ambayo hukusomewa. Ukiambiwa, "Weka tu hapa, ni mambo ya ofisi," jibu kwa adabu, "Bwana, nisomee kwanza." Hilo si ukaidi. Na wewe mwenye mashine, usikasirike. Mfanyakazi anayeuliza karatasi inasema nini ndiye huyo huyo atakayeuliza msumeno una nini leo, mbona unalia vibaya.

Karatasi ya tano ni cheti cha daktari. Sheria ya 2003 inataka mfanyakazi apimwe kabla ya kuanza kazi na baada ya vipindi, ili ijulikane kama afya yake inaifaa kazi ile. Mwenye kifafa, au asiyeona vizuri, aweza kufanya kazi nyingi njema, lakini asiwekwe mbele ya msumeno.

Karatasi ya sita ni ile inayohusu umri na ajira. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, inakataza kumwajiri mtu aliye chini ya miaka 18 kiwandani au mahali po pote penye kazi ya hatari. Kijana wa miaka 15 anayeondoa vipande chini ya msumeno wakati wa likizo, ili apate fedha za daftari, yuko katika kazi ya hatari. Wazazi, mfikirieni. Fedha zile hazitoshi kununua kidole. Sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi.

Karatasi ya saba ni ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mfuko huu uliundwa kwa Sheria Na. 20 ya mwaka 2008, na ulianza kazi tarehe 1 Julai 2015. Anayechangia ni mwajiri, hakuna senti inayokatwa kwenye mshahara wa mfanyakazi. Mtu akiumia kazini, Mfuko hugharimia matibabu, hulipa fidia ya ulemavu wa muda au wa kudumu, na akifa hulipa wategemezi wake na kusaidia mazishi. Kabla ya hapo, kiwango cha juu kabisa cha sheria ya zamani hakikufika hata shilingi laki mbili, ingawa mtu amepoteza mikono yote.

Karatasi ya nane ni ya kuni zenyewe. Chini ya Sheria ya Misitu, Na. 14 ya mwaka 2002, uvunaji na usafirishaji wa mazao ya misitu una vibali vyake, na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, ndio wasimamizi wa misitu ya Serikali. Ulizeni ofisi ya misitu iliyo karibu nanyi. Nataja jambo hili kwa sababu lina uhusiano na usalama. Anayekata kuni bila kibali hukata usiku, upesi, bila taa ya kutosha, na akiumia huogopa kusema ameumia wapi.

MFANO WA KUFIKIRI

Tuseme pana vijana wawili, mmoja Handeni na mmoja Korogwe. Wote wanapasua kuni kwa msumeno wa duara, wote ni vibarua wa kulipwa jioni. Siku moja kila mmoja anapoteza vidole vitatu vya mkono wa kulia.

Wa kwanza hakuandikwa popote. Mwenye mashine anampeleka hospitali kwa pikipiki, anampa fedha kidogo za dawa, na baada ya wiki mbili anasema, "Kijana huyu alikuja mwenyewe kucheza na mashine." Nani atamkanusha? Wenzake wanaogopa kukosa kazi. Hakuna daftari la mahudhurio, hakuna mkataba, hakuna kitabu cha ajali.

Wa pili jina lake limo katika daftari. Ajali iliandikwa siku ile ile: saa, mahali, mashine, waliokuwapo, na kinga ilikuwa katika hali gani. Mwajiri alitoa taarifa kwa Mfuko na kwa OSHA bila kungoja. Vidole vya kijana huyu havikurudi. Lakini matibabu yake yana mlipaji, ulemavu wake una fidia, na mkaguzi akija atataka kujua kwa nini msumeno haukuwa na kifuniko, ili wa tatu asikatwe.

Karatasi haikumkinga wa pili na msumeno. Kifuniko ndicho kingemkinga. Karatasi ilimkinga na njaa, na ilimkinga aliyefuata. Kwa hiyo msiache kimoja kwa sababu mnacho kingine. Mwenye karatasi zote na msumeno usio na kinga ni mwongo. Mwenye kinga zote bila karatasi amewaacha wafanyakazi wake kwenye mvua.

Na kitabu cha ajali kisingoje damu. Andikeni pia ajali za nusura: gogo lililoruka likampita mtu, mkanda uliokatika ukapiga ukuta, nguo iliyoshikwa ikachanika. Leo nusura, kesho si nusura tena.

AKIUMIA MTU

Kwanza zima mashine, ungoje isimame. Usimwokoe mmoja ukakatwa wa pili. Gandamiza kidonda kwa nguvu kwa kitambaa safi, usiachie kila mara kutazama. Kiungo kiinuliwe juu. Usitie mafuta ya taa, udongo, tumbaku wala majivu. Kitu kilichochoma ndani sana usikichomoe. Kidole kilichokatika kifungwe katika kitambaa safi chenye unyevu, kiwekwe katika mfuko wa plastiki, na mfuko huo uwekwe juu ya kitu cha baridi. Barafu isiguse nyama. Mpelekeni hospitali upesi, Magunga kwa watu wa Korogwe, au hospitali ya wilaya kwa watu wa Handeni. Mjue tangu asubuhi ni gari au pikipiki ipi itatumika, na nambari ya simu ya dereva iandikwe ukutani.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Katika kijiji chenu pana mashine ngapi za kuni? Ngapi zina vifuniko vyote?
2. Ni nani kati yenu aliyewahi kutia sahihi bila kusomewa? Ilikuwa karatasi gani?
3. Mwenye mashine akisema kinga zinachelewesha kazi, mtamjibuje bila kugombana naye?
4. Mzee gani aliyefanya kazi ya korona anaweza kualikwa wiki ijayo?

Kazi ya wiki hii ni hii: kila kikundi kiandike orodha ya ukaguzi wa asubuhi, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, isiyozidi mistari minane. Asiyejua kuandika ataje, anayejua aandike. Kisha wajumbe watatu waipeleke kwa mwenye mashine, wakamwombe aitundike.

Wengine mtakumbuka kampeni ya redio ya mwaka 1980 iitwayo "Misitu ni Mali," wakati vikundi vilipokaa chini ya miti kusikiliza na kujadiliana, wakaondoka hapo kwenda kupanda. Nasi leo tumekaa kwa namna ile ile. Misitu ni mali kweli, lakini mikono inayoivuna na kuipanda tena ni mali iliyo kubwa zaidi.